Mlango wa Chini wa Tumbo la Baraka

Harufu ya maziwa yaliyochacha hunirudisha Euless, Texas, kwenye nyumba yetu ya ghorofani ambako ndege zilipita juu ya paa mpaka sahani zikatetemeka kabatini. Nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Baraka hajafikisha miezi miwili. Kila alichonyonya kilirudi. Tena hakikurudi taratibu kama watoto wengine wanavyocheua, kiliruka! Kiliruka hadi kwenye kochi, kwenye zulia, na siku moja kwenye gauni langu la kanisani. Mama alifua mpaka vidole vikachubuka, na nyumba ikanuka vilevile.

Mama alisema ni mchango. Kwao Morogoro, mtoto mchanga akisumbuliwa na tumbo huambiwa ana mchango, na dawa yake ni majani anayoyajua bibi. Basi bibi akapigiwa simu, naye akampa dawa mgeni aliyekuwa anakuja Texas. Tukawa tunamsubiri mgeni, huku mtoto anaisha. Uso ukawa wa kizee, nepi zikawa kavu. Cha ajabu, akishatapika tu alililia titi kana kwamba hajanyonya tangu azaliwe. Nilidhani atakufa, na sikuthubutu kumwambia mtu.

Jumapili hiyo akaja shangazi Rehema, dada yake baba, nesi aliyeishi Mansfield, mji usio mbali na kwetu. Mama alinyonyesha mbele yake, na maziwa yakaruka hadi kwenye kiatu cha shangazi. Wala hakukiangalia. Alimfunua Baraka tumbo, akatuonyesha jinsi lilivyokuwa likituna na kujikunja chini ya ngozi, likisukuma.

“Wifi, vaa viatu. Twende hospitali sasa hivi.”

“Dawa ya mama inafika Ijumaa,” mama akasema.

“Wifi yangu, Ijumaa ni mbali.”

Hospitali walimpiga picha ya tumbo, wakamwekea dripu, wakasema atapasuliwa. Tukiwa tunangoja, nilimuuliza shangazi maziwa yanakwama wapi. Alinivua soksi pale pale, mbele za watu! “Tumbo ni mfuko wa misuli,” akasema, akiikanda soksi mikononi. “Chakula kinaingia huku juu. Tumbo linakikanda kama unga wa chapati, linakichanganya na asidi mpaka kiwe uji. Halafu huku chini kuna mlango unaofunguka kidogo kidogo, uji upite kwenda kwenye utumbo.” Akaisokota ncha ya soksi. “Mlango wa mdogo wako umenenepa. Tumbo linasukuma, njia hakuna, maziwa yanarudi yalikotoka. Daktari ataulegeza tu.”

Mama alilia, akisema alikuwa anamsubirisha mwanawe. Shangazi alimkumbatia. “Umemleta, wifi. Yamekwisha.” Kesho yake baada ya kupasuliwa, Baraka alinyonya, sisi sote tukimkodolea macho. Maziwa yakatulia.

Leo Baraka anasoma chuo Houston, na akija nyumbani hufagia sufuria zima la pilau, kisha anauliza kama kuna chapati. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari ambaye hata jina lake silikumbuki, na shangazi Rehema simwiti bila kupunguza sauti kwa heshima. Mama hadai kwamba amesahau. Anampakulia mwanawe, anakaa pembeni na sahani tupu, anamtazama mpaka atafune tonge la mwisho. Anasubiri kidogo. “Mama, niko sawa,” Baraka anamwambia kwa Kiingereza, akicheka. Ndipo mama anapojipakulia na yeye, akala.