Siku "Unfortunately" Ilipogeuka Utajiri Nyumbani Kwetu

Jamani, mimi nimekataliwa kazi na kwetu kuku akachinjwa kwa furaha.

Msicheke kwanza. Ninyi wa Dar na Nairobi Kiingereza mmekizoea. Sisi wa Likasi, huku Kongo, tumesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza tunakutana nacho kwenye fulana za mitumba.

Naitwa Arlette. Niliomba kazi ya mapokezi kwenye kampuni moja ya madini upande wa Shituru, jina lake nalimeza. Mabosi wa pale wanaongea Kiingereza.

Kazi yenyewe niliitaka kwa sababu ya mdogo wangu, Parfait. Alikuwa ameshafunga begi, anakwenda kuchimba Shinkolobwe. Mgodi ule ulifungwa zamani, una urani, ila vijana wanaingia kwa kujificha. Mama alikuwa halali. Mwishowe akamwambia, na kwetu yaya ni dada mkubwa:

"Yaya yako akipata kazi, weye unabakia hapa. Tumesikilizana?"

Parfait akakubali shingo upande.

Basi mzigo wote ukawa wangu. Simu ikilia nashtuka. Nafua, simu iko kifuani. Napika, naichungulia, mpaka Mama akanifukuza jikoni kwa kuunguza maharage.

Jumamosi mchana ujumbe ukaingia.

"Unfortunately, your application has been declined. Best regards."

Tukatazamana. Hakuna aliyeelewa kitu. Tukamwita Papa Placide, kaka wa marehemu baba, karani mstaafu wa reli, mtu anayejivunia Kifaransa chake kuliko viatu vyake.

Akavaa miwani. Akakohoa.

"Anglais ni Français yenye bantu balivunja tu. Musikilize. Un-for-tu-na-te-ly. Fortune! Utajiri! Na application, ni bidii. Mwalimu anaandikaka mu bulletin ya masomo: bonne application."

"Na hii declined?" Mama akauliza.

"Polisi akikusimamisha mu njia, anasemaka nini? Déclinez votre identité! Taja jina! Donc jina yake ilitajwa. Na regards, ni macho. Beko banamuangalia muzuri!"

Nyumba ikalipuka. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Kuku akachinjwa, bukari, yaani ugali, ikasongwa, tukala mpaka kukwangua sufuria.

Parfait alisimama kando, simu mkononi, ananitazama. Halafu akaingia chumbani, akafungua begi, akatoa nguo zake zote na kuzianika kwenye kamba. Nilipoziona pale nje zikipepea, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Jumatatu nikavaa sketi ya kanisani, nikaenda kuanza kazi.

Getini hawakuwa na habari zangu. Nikapelekwa kwa dada mmoja wa ofisini, Carine, aliyesoma Zambia. Nikampa simu. Akasoma, akaziba mdomo.

"Nani alikuambia ukuje?"

"Si ninyi? Mulidécliner jina yangu."

"Dada..." Akashusha sauti. "Decline, ni kukatala. Bamekukatala. Na hii unfortunately, ni malheureusement. Pole sana."

Malheureusement, kwa bahati mbaya! Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Nikatoka. Nikasimama kando ya barabara, malori yananipita na vumbi lake, na mimi nawaza zile nguo kwenye kamba. Nikisema ukweli, jioni zinarudi begini.

Sikusema.

Kila asubuhi nikawa navaa sketi ile ile, naaga, naenda sokoni kwa rafiki yangu Julie anayekaanga maandazi. Nakanda unga, nachoma, nauza, nabadili nguo, narudi. Mama akiuliza mbona nanuka mafuta, namwambia mabosi wanapenda maandazi.

Lakini amani sikuwa nayo. Kila mteja mrefu nadhani ni mtu wa kwetu. Nimejifunza kukanda unga huku nimegeuza shingo. Usiku nalala vipande vipande, nikisikia mlango wa Parfait unalia naamka kwenda kuangalia kama begi lipo. Na Papa Placide naye, sifa zimemvimbisha, sasa anatafsiria mtaa mzima!

Siku moja nainua kichwa kwenye karai. Parfait huyo, mbele ya meza.

Mwiko ukanitoka.

"Parfait, acha nikuambie..."

"Usinidanganye, yaya. Miye nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu ile siku ya kuku. Papa Placide iko anasema fortune, miye niko natafuta mu telefone. Nikaona bamekukatala. Leo nimekufuata tu."

Hasira zikanipanda hadi utosini. Muda wote ule najificha kama mwizi kwa ajili yake!

"Na ulinyamaza? Juu ya nini?"

Akachukua andazi. Hakulila, alilizungusha tu mkononi.

"Juu nilikuwa naogopa, yaya. Barafiki balikuwa banangojea. Nilishawaambia nitaenda. Ningesema naogopa, bangenicheka mpaka nizeeke. Papa Placide aliposema uko na kazi, nikaona pa kutokea."

Huyu mrefu, mwenye sauti ya kibabe, aliyegombana na Mama kuhusu lile begi, kumbe alikuwa anamngoja mtu amzuie.

Nikalia pale pale. Julie akafoka, "Ulie kule! Machozi itaingia mu unga!"

Parfait akakunja mikono ya shati. "Leta hiyo karai."

Jioni ile tulimwambia Mama, sisi wawili. Nilitegemea makofi. Akamtazama Parfait kuanzia miguuni mpaka kichwani, hata unga uliokuwa kwenye nyusi.

"Basi," akasema, "ile kuku haikukufa bule."

Leo Parfait anapeleka maandazi mpaka kwenye geti lile lile la Shituru, na Carine ni mteja wetu mkubwa. Papa Placide bado anashikilia kwamba alitafsiri sawasawa.

Nami ninachowaachia ni hiki. Kijana wenu akijitapa kwamba anakwenda kwenye hatari, na mnaona hasikii, mkatalieni tena, hata kama mlishamkatalia jana. Huenda hilo ndilo neno analolisubiri.