Siku Niliyoozwa na Dadu

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja mchana, Kaloleni, nilipoozwa na dadu mbili. Nimeikumbuka kwa sababu yako. Sheria za mchezo ulizonitumia kwenye simu nimezisoma zote, nimezipenda, na nilipofika pale ulipoandika "Kutongoza" nikaiweka simu mezani nikacheka peke yangu. Umeandika kwamba mchezaji akirusha dadu akapata alama za kutosha, anayetongozwa anakubali. Sentensi hiyo nilikutana nayo kabla hujazaliwa, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Usidhani ninyi ndio wa kwanza Arusha kucheza michezo hii ya kukaa mezani na kujifanya mtu mwingine. Sisi tulianza na kitabu kilichoachwa na mgeni mmoja aliyekuja kupanda mlima, jalada limeshang'oka. Elia ndiye aliyekisoma. Alichokielewa alikitafsiri, na asichokielewa alikitunga mwenyewe, na ukiniuliza mimi, alichokitunga kilikuwa kizuri zaidi. Tulicheza kwao, sebuleni, wao wakisharudi kutoka kanisani. Mimi Muislamu niliwahi kuliko wenye nyumba, nikawa nawasubiri kibarazani. Tulikuwa vijana tuliomaliza chuo, tunasubiri kazi ambazo hazikuwa na haraka ya kuja. Elia alikuwa msimulizi, maana yake yeye ndiye aliyeongoza hadithi na kushika sheria. Saidi, fundi redio wa Levolosi, alikuwa mchekeshaji wetu. Na mimi.

Ngoja nikwambie meza ile ilikuwa nini kwangu, maana bila hilo hutaelewa nilichokaribia kupoteza. Nyumbani nilikuwa binti pekee kati ya kaka wengi, na kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu wa kunimalizia maneno. Kwa Elia nilikuwa Nasieku, mlinzi wa mfereji. Huo ulikuwa Mlima Meru wa zamani sana, wa kutunga, na maji yote ya kwenda mashambani yalipita mikononi mwa Nasieku. Wazee walimwendea kwa heshima. Nilipokuwa Nasieku hakuna aliyenikatiza, hata Saidi, ambaye alikuwa anamkatiza kila mtu mpaka mchungaji.

Jumapili hiyo mtu wa Saidi mchezoni, mfanyabiashara wa asali kutoka tambarare aliyeitwa Lomayani, alikuja kuomba maji. Ng'ombe wa kwao walikuwa wanakufa kwa kiu. Sikumkatalia, ila nilimwekea masharti, nikataka anieleze watu wake watachangia nini siku za kuzibua mfereji. Saidi akachoka na maelezo. Akajinyoosha kwenye kiti, akatangaza kwamba Lomayani anamtongoza Nasieku.

Elia akafunua sheria zake. Alikuwa ameandika kama ulivyoandika wewe: rusha dadu, ukizidi alama za moyo wa mwenzako, amekupenda, na atakufanyia unaloomba. Saidi akarusha. Dadu zikatulia, sita na sita.

Walishangilia, na hata mimi nilitabasamu kidogo, maana sita mbili ni sita mbili. Kisha Elia, kwa ile sauti yake ya usimulizi, akasema Nasieku amelegea, anapenda, na anakwenda kumfungulia mpenzi wake maji. Akanigeukia nieleze anavyokwenda. Mwanamke niliyemjenga kwa miezi alikuwa ameshaondoka kwenda mferejini, mimi nimebaki kwenye kiti. Nikasema sitaki. Elia, ambaye ni muungwana hadi leo, akanijibu kwa upole kwamba dadu zimeshasema, na isitoshe ni mchezo tu. Saidi akanituliza kwamba nisijali, Lomayani ni mtanashati. Nikaanza kukusanya penseli zangu. Niliumia sana, na nilijua kwamba nikitoka na kuvuka ule mlango sitarudi tena.

Sasa, pale sebuleni alikuwepo bibi yake Elia. Alikuwa ameshuka kutoka Nkoaranga kuja kutibiwa macho, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, alikaa humohumo tulimochezea. Tulikuwa tunamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, basi, tunamsahau. Siku hiyo alikuwa anamenya ndizi za chakula cha jioni. Akauliza, kisu kikiendelea kumenya:

"Huyu binti ameulizwa na nani?"

Elia akadhani bibi hajaelewa, akaanza kumweleza habari za dadu na alama. Bibi alimwacha amalize. Akasema dadu amezielewa vizuri. Zimesema kijana ana maneno matamu, na hilo yeye hapingi. Anachouliza ni nani amemuuliza binti.

Ndipo akatusimulia. Alipokuwa msichana kule mlimani, wageni walifika kwao kumposea kijana mmoja. Walitoka ng'ambo ya bonde, kwa miguu, wamebeba pombe ya ndizi, na jua lilikuwa kali. Wazee wakaketi. Pombe ikawekwa katikati, nzuri, imeiva, inanukia nyumba nzima, na hakuna aliyeigusa, kwani kuinywa ni kuikubali posa. Wakamwita kutoka jikoni. Alikuja na mikono yenye maji, akasimama mbele ya wazee wenye koo kavu. Baba yake akachukua kibuyu, akakishika, akamuuliza neno moja tu: tunywe?

Alisema kijana yule hakuwa mbaya. Alikuwa na shamba la kahawa, na mshenga wake alikuwa ameongea kuliko redio. Kwa hesabu za dadu zetu, alisema, alikuwa amepata sita mbili na nyingine juu. Naye akamwambia baba yake, "Msinywe."

Nilisahau penseli zangu. Nikamuuliza Bibi kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini mkono uliokuwa unatetemeka ulikuwa wa baba, siyo wangu."

Mwanangu, umri huu wote nimeona mengi, nimeuona mlima ule ukiwaka rangi ya shaba asubuhi wakati mji wote haujaamka, lakini sijui kama kuna kitu kimenishangaza kama picha ile. Chumba kizima cha wazee, wenye mashamba na sauti, wenye kiu, wamenyamaza, wanamsubiri msichana aliyetoka kuosha sufuria. Na akishasema, baba anainuka mwenyewe anawarudishia wageni pombe yao, wanashukuru, wanaibeba kurudi nayo bondeni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nilisisimka mwili mzima. Nilikuwa sijui kama neno dogo vile linaweza kusimamisha watu wakubwa vile.

Wala Bibi hakutudanganya kwamba zamani kote kulikuwa hivyo. Elia alipoanza kusifia mila, alimkatisha. Akasema nyumba nyingine zilikuwa zinakunywa kwanza, binti anaitwa kuulizwa baadaye, wazee wameshalewa. Swali lilikuwa lilelile na heshima zote zilikuwepo. Ila pombe ikishaingia tumboni, nani atairudisha?

Elia akachukua kalamu akaikata sheria yake, ile aliyokuwa anajivunia, akaanza upya huku anatuuliza. Saidi akasema basi dadu zisiwepo kabisa. Nikakataa, maana kuna raha yake mtu kujaribu maneno na ulimi ukamsaliti. Tukakubaliana dadu zibaki, lakini ziamue jambo lao tu: maneno yametoka vipi. Ukipata alama nyingi umeongea vizuri, ukipata chache umejikwaa, na vyote viwili vinafurahisha. Baada ya hapo mchezo unasimama. Msimulizi anashika kikombe, anamgeukia mwenye mhusika, anauliza "Tunywe?" Hakuna kitu kinachotokea kwenye hadithi kabla hajajibu. Anaweza kusema kunyweni, anaweza kusema msinywe, anaweza kusema bado. Hadaiwi sababu.

Tukarudi nyuma, pale dadu zilipotulia. Elia akainua kikombe chake cha chai. Nilidhani watacheka. Saidi aliweka mikono magotini kama mkwe. Bibi aliacha kumenya. Na Elia akaniuliza, mimi, binti ambaye kwao hakuwahi kuulizwa hata kama anataka sukari:

"Tunywe?"

Walinisubiri. Sijui kukueleza kile kimya kilivyokuwa, nikijaribu nashindwa. Hakuna aliyenimalizia sentensi.

"Msinywe," nikasema.

Elia akakipeleka kikombe kwa Saidi, Saidi akakipokea kwa mikono miwili. Akasema Lomayani anashukuru, anainuka, anafunga mzigo wake wa asali. Hakuleta utani wowote, na nilimwona amesikitika kweli, kwa ajili ya ng'ombe wake wa kutunga.

"Kaa," nikamwambia. "Maji nayafungua. Ng'ombe hawajanitongoza."

Bibi ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akajifuta yale macho yake mabovu. Nilitembea na Nasieku hatua kwa hatua hadi mferejini, nikaeleza jiwe alivyoliinua, nikaeleza maji yalivyoshuka, na waliniacha nieleze mpaka yakafika tambarare.

Basi, mwanangu, ninalokushauri ni hili. Acha dadu ziseme mvua imenyesha, daraja limevunjika, ulimi umeteleza. Moyo una mwenyewe, na mwenyewe huyo amekaa mezani kwako anakunywa chai, kwa hiyo muulize yeye. Muulize kabla, maana swali linalokuja baada ya watu kunywa ni adabu tu. Akikataa, hadithi yako iwe na njia nyingine ya kuendelea, asije akaonekana yeye ndiye aliyeiharibu. Penzi usilifanye ufunguo wa kila mlango. Anayetaka maji na aombe maji. Kabla hamjaanza kucheza, ulizeni wote ni mapenzi ya namna gani mnayataka mezani, na yanayofaa kubaki chumbani yabaki chumbani, ninyi hadithi yenu iendelee kesho yake asubuhi. Na lile neno ulilolitumia, kutongoza, liongezee kale kasilabi kadogo liwe kutongozana. Utashangaa sheria zitakavyobadilika zenyewe.

Usiogope kwamba swali litapunguza utamu. Tulicheza miaka mingi baada ya hapo, na wapo waliojibiwa kunyweni, na furaha iliyolipuka pale sebuleni majirani waliifuata dirishani. Dadu hazijawahi kutupa kitu kama hicho.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na mchezo wako. Akujalie meza isiyokosa watu, na watu wanaojua kunyamaza mwenzao anapoulizwa. Na siku wewe mwenyewe utakapokuwa unasubiri jibu, Mungu aupe mkono wako kutetemeka kama ule wa baba yake Bibi.