Madam Chelang'at, aliyeweka jina lake kwenye kosa langu

Siamini bado. Jumatatu Madam Chelang'at alinirudishia mchoro akicheka. "Otieno, kuna mstari mmoja hapa unadanganya. Tafuta." Kisha akaenda hospitali kupima presha. Hakurudi.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyekuwa mchoraji wa workshop ya kiwanda chetu cha chai, huku Bureti. Mashine zetu ni kuukuu, spea zake haziuzwi tena. Kipande kikiisha, yeye anakipima, anakichora, fundi anakata kingine.

Nilifika kutoka Ahero na diploma na kiburi cha kutosha. Nikamwambia siku hizi ni computer tu. Akanipa penseli na karatasi ya gunia la chai. "Chora hiyo pulley kwanza. Computer itakupata ukijua."

Na mistari yake, jamani! Mnene kwa ukingo unaouona. Mwembamba kwa vipimo. Wa vipandevipande kwa kilicho nyuma au ndani, usichokiona. Mkono mtupu, bila rula, ungedhani imechapishwa.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hamlijui.

Mwaka wangu wa kwanza, high season, kifuniko cha mashine ya mkanda kilipasuka. Nilichora kingine mbio mbio, nikampelekea fundi bila kumwonyesha Madam. Mfereji wa upande wa nyuma nikauchora kwa mstari mzima badala ya vipande. Fundi akaukata mbele. Kikakataa kuingia. Lori za majani zikapanga foleni hadi getini, majani yanaanza kupata moto na kuharibika.

Manager akaja na karatasi mkononi. "Nani amechora hii?" Mimi nilikuwa na contract ya miezi mitatu. Nikajua nimekwisha.

Madam akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika jina lake pale kwenye kisanduku cha Checked, cha aliyekagua mchoro, mbele ya macho ya manager. "Kama imetoka kwa ofisi yangu, ni yangu."

Hakunigombeza. Kesho yake tu ndio aliniambia, "Fundi hatakuuliza ulikuwa unamaanisha nini. Yeye anakata." Halafu wiki tatu nzima nikachora mistari ya vipande kwenye magunia mpaka nikaiota! Saa nne ananinunulia chapati: "Kula, unachora kama mtu ako na njaa."

Kuna mtu kwa group ameandika ati sasa Madam ni mstari wa vipande, yupo ila hatumwoni. Maneno matamu, lakini Madam angemrudishia na kalamu nyekundu. Yule mama alikuwa mstari mnene.

Leo asubuhi fundi ameulizia ule mchoro wa Jumatatu. Checked iko wazi. Manager akasema, "Otieno, weka sahihi wewe."

Sikuweza. Nilikaa kwenye kiti chake, nikapitisha kidole kwa kila mstari kama alivyokuwa akifanya, nikijiuliza fundi atakata nini. Karibu saa nzima. Kumbe ni tundu moja linalotakiwa kuishia katikati ya chuma. Mimi nililipitisha mpaka upande wa pili.

Nikafuta. Nikarekebisha. Nikaandika jina langu pale lilipokuwa lake, na nikalia kama mtoto, sitaki kudanganya.

Fundi amekata. Kipande kimeingia mara ya kwanza.

Jumamosi tunakupeleka nyumbani Ndanai. Kongoi, asante sana, Madam. Ule mstari nimeupata.

Lala salama.