Jicho la Mlango wa Amisa

“Kama ni mbuzi, basi mbuzi huyo anavaa viatu!” Amisa alisema, akalisukuma sinia kwa mguu mpaka likagonga ukuta.

“Usinisukumie vitu, weye,” Rachida akajibu. “Nimeacha majani yangu ya sombe motoni, nimekwenda mpaka dukani kwa Kamaldine, nimekuletea macho matatu ya mlango, nimeyafunga kwenye kitambaa kama mayai. Chagua moja tupumue. Lakini mimi ninasema vilevile: ni mbuzi.”

“Mbuzi anasimama mlangoni Ijumaa tatu, saa ileile, hapigi hodi, haondoki mpaka wanaume wakaribie kutoka msikitini?”

Hapo Rachida aliacha habari ya mbuzi. Wifi yake huyu hakuzaliwa mwoga. Alikuwa binti wa Nyangwe, mtu wa mtoni, aliyemfukuza kiboko kwa mwiko wa ugali, au ndivyo alivyozoea kusimulia, na kiboko mwenyewe hakuja kukanusha. Lakini tangu mumewe Ismaël azikwe, yeye akaingia eda, hata panya akipita darini alikuwa anashika kifua.

Mjane wa eda hatoki nje miezi minne na siku kumi, wala haonekani na mwanaume wa kando. Amisa alikuwa amebakiza siku thelathini na moja, na nyumba nzima ilining’inia kwenye siku hizo. Maana siku ya arobaini Lukumani, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya watu akasema: “Akimaliza eda yake safi, abaki humu. Nikisikia mguu wa mwanaume mlangoni pake, afunge mzigo arudi kwao Nyangwe.” Watu wakaitikia amina kama vile wamesikia dua.

Kwa hiyo ile miguu ya Ijumaa ilimtisha mara mbili. Akipiga kelele, majirani watakuja wamkute mwanaume kibarazani, na nyumba imekwenda. Asipopiga kelele, nani ajue mtu huyo anataka nini? Saa ya swala ya Ijumaa mtaa wote unakuwa mtupu; wanaume wako msikitini, wanawake wako nyuma jikoni. Mtu akinyongwa mbele ya nyumba, hata kuku hana habari.

Wakainama wote wawili juu ya sinia. Kila jicho lilikuwa kibomba kidogo chenye kioo, kitu cha kutia katika tundu la mlango ili aliye ndani amwone aliye nje. La kwanza lilikuwa la plastiki. Amisa alilibana kwa vidole viwili likalia kra. La pili lilikuwa zuri, la shaba, upande wa ndani lina kifuniko cha kugeuza, ukimaliza kuchungulia unafunga. Tatizo ni ufupi wake. Ismaël alikuwa ameutengeneza mlango ule kwa mbao za unene wa vidole vinne. Shaba ile ingepotelea humo kama panzi katika koo la bata. La tatu lilikuwa refu, halina kifuniko wala urembo, ncha zake mbili zinafanana kama mapacha.

“Hili,” Amisa akasema.

“Halina kifuniko.”

“Lina urefu. Mimi ninataka kumwona mutu, sitaki pambo.”

Fundi Placide alikuja Jumatatu asubuhi na kekee yake begani. Kwa sababu ya eda alifanya kazi yote akiwa nje, mlango umefungwa, Amisa akiwa chumbani nyuma ya pazia, Rachida amesimama sebuleni kama askari wa mpaka. Placide alikuwa ameapa kwamba huko Kindu ametia macho ya milango mia na zaidi. Kweli ni kwamba hili lilikuwa la kwanza kulishika tangu azaliwe.

Kekee ikazunguka. Unga wa mbao ukamwagika sakafuni, na kule chumbani Amisa alisikia kila mzunguko unamwingia mbavuni, akijua ukuta wake wa mwisho unatobolewa. Tundu lilipotokea, Placide akapitisha nusu moja ya jicho, Rachida akaishika kwa ndani, yeye akaikaza nusu ya pili kwa nje. Kisha, kama fundi yeyote anayetaka kujua kazi yake imekaa vipi, akachungulia pale pale alipokuwa amesimama.

“Mama, iko muzuri kabisa!” akapaza sauti. “Inaona!”

“Alhamdulillahi,” Rachida akasema.

Hakuna aliyeuliza inaona kutoka upande gani.

Placide alipokwenda, Amisa akatoka chumbani akachungulia. Aliona kitone cha mwanga, kidogo kama punje ya mtama, basi. Hakuona kibaraza wala njia.

“Jicho lako halijazoea,” Rachida akamwambia. “Mutu akija utamwona.”

Ijumaa ikafika. Adhana ikaita, mtaa ukanyamaza. Joto lilikuwa la kuchemsha maji bila moto, Amisa akavua mtandio, akabaki na kanga moja, akaketi kwenye mkeka akiuelekea mlango. Miguu ikaja. Tap, tap, ikapanda kibarazani. Ikasimama.

Aliinuka kwa vidole vya miguu, akaweka jicho lake kwenye kioo. Kile kitone cha mwanga kikazimika.

Akangoja kiwake. Hakikuwaka. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na moyo wake ulipiga kwa nguvu hata vijiko kwenye kikapu viligongana. Alibaki hapo kichwa wazi, mabega wazi, akikodolea lile duara jeusi mpaka mwanga uliporudi na miguu ikashuka taratibu, bila haraka yoyote.

Jumamosi Rachida alileta sombe. Hakupiga hodi. Alisema tu kutoka nje, akicheka: “Toa mguu wako kwenye sinia, weye, hapo ndipo tunapolia chakula!”

Amisa akautazama mguu wake. Kweli ulikuwa kwenye sinia.

“Umejuaje?”

“Ninaona. Ninaona sinia, ninaona mkeka, ninaona mpaka pazia la chum...” Kicheko kikamkauka mdomoni.

Mlango ulipofunguliwa, Rachida aliziba kile kioo kwa kidole. Kisha Amisa alijifunga kanga mpaka shingoni, ingawa sasa hakukuwa na mtu, akasema kwa sauti ndogo: “Jana alinitazama mpaka akashiba.”

Hawakumwita Placide, mwanaume kuja mara mbili ni maneno mara nne. Rachida mwenyewe alichukua koleo, akalifungua jicho, akaligeuza, akalikaza tena. Amisa akachungulia. Mara hii aliona kibaraza chote, ngazi, njia, hata kuku wa jirani. Aliogopa zaidi. Sasa angemwona kweli.

Ijumaa iliyofuata Rachida alikuja mapema, akaingia na kuketi naye. Adhana. Kimya. Tap, tap.

Amisa akachungulia, akateremka kutoka kwenye vidole vyake kama gunia lililotobolewa. Alimvuta tu wifi yake mkono.

Rachida akaona uso mpana kama beseni, pua imevimba kama kiazi kikuu, jicho moja linahangaika kwenye kioo, linatafuta nyumba ambayo juma lililopita ilikuwa humo. Lukumani. Kaka yake wa tumbo moja, anayejisifu kuswali safu ya kwanza.

“Amekuja kusalimia,” Rachida akanong’ona.

“Salamu ina mdomo, Rachida. Ijumaa tano!”

“Labda anakulinda.”

“Ananilinda kwa kunichungulia? Anatafuta neno la kunitolea humu. Na Placide keshampa neno: fundi mwanaume alisimama mlangoni pangu asubuhi nzima, watu wanapita.”

“Placide nilimwita mimi! Nilikuwa hapa!”

“Nani atasema hivyo mbele ya kaka yako? Mimi? Mimi ni mgeni kutoka Nyangwe. Wewe ndiye damu yao.”

“Usinitie katikati.”

“Uko katikati tayari. Mguu wa mwanaume mlangoni pangu ni wake yeye, na umeuona kwa jicho lako mwenyewe. Ukinyamaza, nyumba imekwenda.”

Rachida alimtazama wifi yake, akautazama mlango. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi.

“Wifi,” akaanza, “wallahi, mimi nitasimama mbele ya watu wote, nitasema kwamba kaka...”

Sauti zao zilikuwa zimepanda mpaka zikafika kibarazani, na komeo halikuwa limefungwa. Rachida alipoingia alilisahau. Mlango ukasukumwa mpaka mwisho, na Lukumani akaingia bila kuvua viatu, kufuli mpya ya kuifungia nyumba imening’inia kidoleni.