Mita Thelathini na Tisa na Nusu

Daktari alimuuliza Jytte amevuta sigara miaka mingapi, naye akajibu kwamba hajawahi kutia hata moja mdomoni. Daktari akaitazama tena picha ya mapafu, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayedanganywa mchana kweupe.

"Unafanya kazi wapi?"

"Baa ya Verner, pale gatini. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili."

"Basi umevuta, mama. Umevuta za watu. Ukiendelea kukaa kwenye moshi ule, huna miaka mingi."

Hiyo ilikuwa Machi. Jioni ile alimweleza mumewe, Torkild, fundi seremala, na Torkild akatikisa kichwa bila kuacha kutafuna viazi. Kuacha kazi hakuwezekana. Shule Jytte aliiacha darasa la saba akaoshe vyombo hotelini, na mwanamke wa miaka hamsini na nne asiye na cheti nani amtake? Lakini redio ilisema kwamba kuanzia tarehe kumi na tano Agosti ni marufuku kuvuta sigara ndani ya baa, Denmark nzima. Jytte akaanza kuhesabu siku kama mfungwa.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Verner alimpa likizo.

"Nenda kwa dada yako, shemeji, ukapumzike. Sisi huku tunapaka rangi."

Alifurahi, akaenda. Miaka yote ile hakuwahi kupewa likizo bila kuiomba.

Tarehe kumi na tano iliangukia Jumatano, na Jumatano ilikuwa siku yake. Kila Jumatano mchana alikaanga vitonge vya nyama ya kusaga, akavipeleka baa na mkate mweusi na matango ya siki, na wazee wakaacha mchezo wao wa kete wakaja kula. Kaj, nahodha mstaafu wa kivuko, hakuchoka kusema, "Mimi nikifa, nizikeni na sufuria ya Jytte." Siku hiyo alivaa blauzi nyeupe, ambayo hakuwahi kuivaa kazini kwa sababu ya harufu, akabeba sufuria yake, akasukuma mlango wa baa.

Moshi ukampiga usoni.

Kwanza alidhani amekosea tarehe. Wanaume wote tisa walikuwepo, sigara zinawaka, kikombe cha ngozi cha kete kikigongwa mezani kama kawaida. Kisha akaona kwamba chumba kimepungua. Pale ilipokuwa meza ya biliadi palisimama ukuta wa mbao, rangi yake bado inanuka.

"Mita thelathini na tisa na nusu!" Verner alipaza sauti nyuma ya kaunta. "Baa isiyofika mita arobaini za mraba, watu wavute tu. Sheria yenyewe inasema. Wale wakubwa wa Copenhagen walidhani sisi hatuna futi ya kupimia?"

Wanaume wakacheka.

"Na huko nyuma kuna nini?" Jytte aliuliza. Sauti yake aliisikia kwa mbali.

"Stoo, shemeji. Ya viti."

Akausogelea ukuta, akapitisha kidole kwenye kona. Mbao zilikuwa zimeumana kwa mshazari, msumari hauonekani. Kabati la jikoni kwake liliunganishwa vivyo hivyo. Kitanda chake pia. Akageuka. Torkild alikuwa ameketi kando ya Kaj, macho kwenye bia.

"Ni wewe?"

"Kazi ni kazi, Jytte. Nisingejenga mimi, angejenga mwingine."

"Nilikwambia alichosema daktari. Ulikuwa unakula viazi."

"Madaktari nao!" Kaj alidakia. "Wakikuchungulia sana hukosi ugonjwa. Lete sufuria, dada, tuna njaa."

Hapo Jytte akakumbuka kipande cha mwisho cha ile habari ya redio. Akatua sufuria kwenye kaunta, akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Baa ndogo inaruhusiwa moshi kama haitoi chakula. Nikifunua hapa, mnazima zote. Ni sheria hiyo hiyo."

Verner alianza kucheka, akaishia njiani. Alijua ni kweli.

"Basi chagueni," Jytte alisema. "Sufuria au sigara. Anayetaka sigara ainue mkono."

Alisema hivyo kwa uhakika. Hawa aliwashonea vifungo, aliwashika mkono hadi milangoni mwao walipolewa, aliwapikia kahawa kwenye misiba ya wake zao. Pumzi yake ilikuwa mikononi mwao, na wao walijua.

Kaj akainua wa kwanza. "Usinichukie, dada. Kula nitakula nyumbani."

Ukafuata mwingine, na mwingine, moshi ukipanda kutoka kwenye vidole vilivyoinuliwa. Minane. Jytte akamtazama mumewe, ambaye aliacha sigara mwaka waliooana. Torkild akainua mkono mtupu.

Jytte akabeba sufuria yake akatoka. Alikaa kwenye benchi la gatini, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akafunua akala kitonge kimoja, na cha pili. Mlango ukafunguliwa nyuma yake.

"Jytte," Torkild aliita. "Ufunguo wa nyumba unao wewe."

Hakugeuka.

"Lala stoo," alimwambia. "Umeijenga vizuri."