Poda ya Darasa la Nane

Mwaka mzima kopo la poda lilikaa juu ya meza yetu, pale mtaani Shari, bila kufunguliwa. Nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya kichwa cha mwanangu. Kwetu Bunia mtoto akifaulu tunammwagia poda mpaka awe mweupe, apite barabarani watu wote wamwone. Kila alipopiga miayo mbele ya masomo, nilimwonyesha kopo kwa kidole. Hesabu zikimshinda, nilimtajia Komanda, ambako kaka yangu alikuwa anamngoja akaoshe pikipiki za watu. Ndivyo nilivyojua kumtia moyo: poda au Komanda.

Siku ya kusomewa matokeo nilikaa mbele kabisa na kitenge changu kipya, mdomo haufungi. Prefe, yaani mkuu wa shule, alisimama, na mtu wa kwanza kumwita alikuwa mwanangu. Sikungoja kusikia sababu. Niliruka na vigelegele, nikammwagia kopo karibu lote.

Kumbe wameanza na zawadi ya adabu.

Kisha matokeo yenyewe yakasomwa. Jina lake lilikuja mwishoni, pamoja na wale wanaorudia darasa. Nyuma yangu mama mmoja akakohoa ili asicheke. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na bado ilikuwa hatujafika nyumbani. Njia nzima watu walioiona poda walitupongeza.

«Felisitasyo, kijana! Mama, kweli ulizaa!»

«Asante, mama,» mwanangu alijibu. «Asante, papa.» Kila mtu alimjibu, kwa adabu ileile aliyopewa zawadi. Mimi nilibaki nyuma, nikatembea kama mtu asiyemjua. Mpaka leo naona haya kulisema hilo.

Nyumbani nilimletea maji ya kunawa. Hakuyagusa.

«Mama, poda ilibakia?»

«Iko kidogo.»

«Ufunge muzuri. Mwaka kesho ungojee kwanza basome yote.» Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye mashavu yake meupe. «Usinitume Komanda, mama. Nitarudilia.»

Nilishika simu, nikamwambia kaka yangu asimngoje tena.

«Kwa hiyo mutoto alipita darasa?» akauliza kwa furaha.

Nilimtazama mwanangu. Kisha nikalifunga kopo vizuri, kama alivyoniomba, kwa ajili ya mwaka kesho.