Kikombe cha Tatu

Muuguzi anayekuja nyumbani kwa kina Emily, Ogembo, hupasha mikono yake joto kwenye birika kabla ya kumgusa mama. Kila asubuhi mama huuliza, "Osoro amerudi kutoka kuchuma chai?" Zamani Emily, bintiye, alimjibu kwamba baba, Osoro, alishafariki, na kila mara mama aliangua kilio kana kwamba ndiyo kwanza apate habari. Muuguzi hamsahihishi. "Chai yake hutiwa sukari kiasi gani, Mama?" huuliza, kisha humimina kikombe cha tatu, cha Osoro. Jana mama aliposinzia, Emily alimkuta muuguzi amesimama peke yake, akiinywa ile chai iliyopoa mpaka tone la mwisho. Mama aliamka, akakitazama kikombe kitupu, uso ukatulia.

"Kumbe alipita," akasema.